Namba Mbili ya Kilbracken

Sanduku la kura la kijiji cha Kilbracken lilipomwagwa mezani katika ukumbi wa kuhesabia, Fintan Hession alibana tumbo kwenye uzio wa chuma, akalamba ncha ya penseli, akaanza kupiga vijistari. Makarani walikunjua kura moja moja, na kabla hawajazigeuza, jicho lake lilikuwa limeshaona nani kaandikiwa namba moja, maana huko mpiga kura huwapanga wagombea kwa namba, moja, mbili, tatu. Kazi hiyo ya kukihesabia chama ameifanya miaka thelathini na mmoja, tangu Malachy Tierney alipokuwa diwani mwenye koti moja, akawa mbunge, akawa Waziri wa Kilimo.

Malachy, mstari. Gráinne, mstari. Gráinne. Gráinne. Gráinne tena.

"Mungu wangu," alinong'ona.

Pembeni yake alisimama Concepta Ruane wa chama pinzani, naye na penseli yake. Mwaka mzima hutukanana, lakini siku ya kuhesabu hugawana masanduku na kupeana takwimu, maana hakuna mwenye macho manne.

"We Bwana Posta, mbona umepauka hivyo?" Akachungulia karatasi ya Fintan. "Haa! Nyumbani kwa Waziri kabisa? Jamani, mmemfanya nini mtu wenu?"

Fintan alijua fika wamemfanya nini. Wiki tatu nyuma gazeti liliandika kwamba kiti cha Waziri hakina wasiwasi, ila mwenzake wa chama, Gráinne Loftus, msichana mgeni kwenye siasa, anayumba. Fintan hakutumwa na mtu. Alipanda baiskeli yake, akapita milango ileile aliyoipelekea barua kwa miaka arobaini. "Waziri yuko salama salimini," aliwaambia. "Gráinne mpeni namba moja, Malachy mpeni mbili, tupate viti viwili." Alitaka iwe zawadi, kwa kuwa Malachy alishasema huu ndio uchaguzi wake wa mwisho. Watu wakatii. Yeye mwenyewe alitii, tena kwa mwandiko mzuri.

Sasa, mwenye kura chache ndiye huondolewa, na kura zake hugawiwa walioandikwa namba mbili; lakini namba mbili haitazamwi maadamu namba moja bado amesimama. Kufikia saa sita mchana masanduku yote yalikuwa yamefunguliwa, na Gráinne alikuwa mbele ya Malachy kwa kura mia na tisa. Malachy angeanguka kwanza, na kura zake zingemnyanyua msichana. Zile namba mbili za Kilbracken, mia mbili na zaidi, zilizoandikwa kwa mapenzi matupu, zingebaki zimefungwa kwa mpira kwenye mafurushi ya Gráinne, hakuna wa kuziuliza.

Malachy aliingia ukumbini na tai yake ya kijani, akaja moja kwa moja uzioni.

"Haya, sema. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Umeanguka, Malachy. Kwa mia na tisa."

"Huna makosa?"

"Natamani ningekuwa nayo."

Malachy alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaifuta tena. "Na Kilbracken?"

Makarani walikuwa wameshaanza kuchanganya masanduku yote. Baada ya hapo hakuna atakayejua kijiji kipi kilipiga vipi, isipokuwa kwa karatasi iliyokuwa mkononi mwa Fintan. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Kilbracken walijitahidi," alisema.

Concepta alisikia. Aliinama akatafuta penseli ambayo haikuwa imeanguka. Katika miaka thelathini na mmoja Fintan hakuwahi kumpa Malachy takwimu ya uongo; hii ilikuwa ya kwanza.

"Basi twende," Malachy alisema. "Saa tisa tuna msiba wa Bridie Cusack kule Kilbracken."

"Leo huna haja ya kwenda, bwana."

"Kwa nini, amefufuka?"

Fintan aliendesha gari. Mvua ilikuwa ya manyunyu, na Malachy alitazama kuta za mawe za mashamba zikipita.

"Unajua, Fintan, nimekaa uwaziri miaka kumi na mmoja, nimekula chakula na marais. Lakini ninachokikumbuka vizuri ni misiba, na lile bomba la maji tulilowaletea Kilbracken. Siku ile yalipotoka, Bridie alinimwagia ndoo nzima, mshenzi yule!" Alicheka. "Angalau wao hawakunitupa."

Fintan alishika usukani kwa mikono miwili. Mwambie sasa, alijisemea. Alifungua mdomo, na nyumba ya Cusack ikatokea mbele, na foleni ya waombolezaji imefika getini.

Waliingia kama walivyoingia misibani siku zote, Malachy mbele, Fintan nyuma ya bega lake akimnong'oneza. "Huyu Colm, mtoto wa kwanza, alipasuliwa nyonga. Anayefuata ni Attracta, yuko Boston, amefika asubuhi."

"Pole kwa msiba, Colm. Nyonga inaendeleaje? Attracta, mama yako alikuwa akikutaja kila nilipopita."

Packie, mume wa marehemu, alikuwa ameketi kando ya jeneza na kikombe cha chai kilichopoa. Alipomwona mgeni alisimama kwa shida, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mheshimiwa! Siku ya kuhesabu kura, na bado umekuja?"

"Ningekosaje, Packie? Pole sana."

"Alipiga kura jana asubuhi, unajua. Nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, akafariki jioni. Ndiyo kazi yake ya mwisho duniani." Machozi yalimlenga, lakini alitabasamu kwa fahari. "Akafanya vilevile alivyotuelekeza Fintan mlangoni. Msichana namba moja, wewe namba mbili. Kijiji kizima, Mheshimiwa! Tulikupa namba mbili wote, hakuna aliyekusahau."

Chumbani watu waliitikia kwa vichwa. Naam, wote.

Malachy hakugeuka. Aliendelea kuushika mkono wa mzee, muda mrefu kuliko desturi.

"Asante, Packie," alisema hatimaye, polepole. "Asanteni nyote."

Kisha akasogea hatua moja, kwa mwanamke aliyefuata kwenye mstari, mwenye sweta jeusi. Akarudisha kichwa nyuma kidogo, kama alivyofanya misiba yote ile, akamtegea Fintan sikio.

Fintan alilijua jina. Aliijua na nyumba yake, na mbwa wake. Sauti ilikataa kutoka. Mwanamke alikuwa ameshanyoosha mkono, na sikio la Malachy lilikuwa palepale, limeinama, likisubiri.