Mara ya Sita Ukunguni

Rubani alikuwa amechoka hadi kope zinamuuma. Tangu asubuhi yumo ndani ya simuleta, kijichumba cha kuigizia urukaji, kisicho na dirisha ila skrini, akishuka uwanjani ukunguni kwa kutazama vipimo tu. Kanuni hazina huruma: bila kushuka hivyo mara sita ndani ya miezi sita, huruhusiwi kupeleka abiria mawinguni. Muda wake unaisha leo, na safari ya kesho ina mawingu tele. Asipokamilisha, safari hiyo atapewa rubani mwenzake wanayemwita Redio kwa umbeya wake, na kantini nzima itasimuliwa.

Tano alizimaliza. Katikati ya ile ya sita, simu ikatetemeka: mama yake mzazi, aliyeko nyumbani kwake.

"Simamisha kidogo," akamwambia mwalimu. Ndege ikaganda hewani.

"Mwanangu, wifi zako wamefika wote, na watoto wao. Ufunguo wa kabati la vyombo uko wapi?"

"Juu ya friji, mama."

"Na mbona sauti imekwisha hivyo? Watasema kaka yao hakulishi."

"Waache waseme."

Mwalimu akaiachia ndege, ikatua kama unyoya. Akashika kalamu. "Sita hizo. Twende nyumbani, dada."

"Ya mwisho tuliigandisha."

"Nani kaona? Mimi, wewe na hicho kiti."

Alitamani kunyamaza. Mgongo mzima ulimsihi anyamaze. Lakini kesho kule juu hakuna kitufe cha kugandisha kitu.

"Nirudishe mwanzo."

"Wewe utanizika na njaa yangu," mwalimu akanung'unika, akabonyeza.

Safari hii alizima simu. Akashuka, mishale ya vipimo imetulia, mpaka kimo cha mwisho, ambapo usipouona uwanja lazima upande. Akainua macho kwenye skrini: weupe mtupu. Mwalimu alikuwa ameuzidisha ukungu kimyakimya. Uwanja upo hapo chini, kidogo tu zaidi na yote yamekwisha. Mkono wake ukasita. Kisha akaongeza nguvu, akainua pua, akapanda.

"Nilitaka kuona kama umechoka kiasi cha kushuka hivyo hivyo," mwalimu akasema.

"Nimechoka. Ila si kiasi hicho."

"Basi inahesabika. Kupanda usipoona uwanja nako ni sehemu ya kushuka." Akaandika, akatia sahihi.

Nje, rubani akawasha simu, ikaita papo hapo. Mama hakusubiri salamu. "Friji nzima nimeipapasa. Wifi zako wanakunywa chai kwenye vikombe vya kupigia mswaki."

Rubani akatia mkono mfukoni mwa koti. Ufunguo ulikuwa humo, umepata joto.

"Nakuja, mama," akasema, akakaa kwanza kwenye ngazi.