Bodi Iliyosema Hapana Mara Mbili

Mtafiti alikuwa amesoma kumbukumbu za vikao vya bodi mpaka zikaanza kumfuata ndotoni. Kampuni ishirini na sita, kila moja kwa miaka kumi na mmoja, na swali lake lilikuwa moja tu: je, wajumbe wa bodi huwahi kumkatalia mwenyekiti? Msimamizi wake, profesa aliyekunja uso hata akiwa anakula, alimwambia swali lenyewe ni la kitoto. Ndiyo maana akalipenda zaidi.

Kampuni ya magodoro ndiyo iliyomchekesha peke yake maktabani hadi mkutubi akamtolea macho. Hoja mia nne na tatu zilifika mezani. Mia nne na moja zilipita "kwa kauli moja". Zilizokataliwa zilikuwa mbili: ya kubadilisha biskuti za kikao, na ya kununua kiyoyozi kipya, kwa kuwa siku hiyo mjumbe mmoja alikuwa na mafua.

Mwenyekiti aliposikia chuo kinaisoma kampuni yake, alipiga simu mwenyewe.

"Binti yangu, njoo utueleze ulichokiona. Bodi yangu ni familia."

"Nimeona hivyo, mzee," mtafiti akasema, na hakuwa anatania.

Chumba cha bodi kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya mashine za kukata sponji, kwa hiyo meza ilikuwa inatetemeka kidogo na vikombe vikigonga visahani kama meno ya mtu mwenye baridi. Wajumbe walikuwa saba, kwenye viti vya ngozi vilivyolegea mgongo. Wawili walishasinzia kabla hajawasha projekta. Kushoto kwa mwenyekiti alikaa mpima ardhi mstaafu, ambaye kwenye nyaraka aliitwa "mjumbe huru", yaani mtu asiye na uhusiano wowote na wenye kampuni. Nyaraka hazikusema kwamba amemuoa dada yake mwenyekiti. Hilo mtafiti aliambiwa na mama wa chai, bila hata kumuuliza. Chumbani mle kila mtu alimwita Shemeji, hata katibu alipokuwa akisoma mahudhurio.

Mtafiti akaonyesha mchoro wake ukutani: mistari saba, kila mmoja wa mjumbe mmoja, ukipanda kila mjumbe alipouliza swali au kupinga jambo. Majina hakuyaweka.

Shemeji akavaa miwani. "Huo wa chini kabisa ni wa nani?"

"Wa mjumbe wa tano, mzee."

Watu wakahesabu viti kwa macho. Shemeji naye akahesabu, akarudia kuanzia mwanzo, akaangukia palepale.

"Unapandia wapi?"

"Haupandi. Miaka tisa tangu aingie, hajauliza kitu."

Mwenyekiti akacheka mpaka tumbo likasukuma meza. "Huo ndio umoja, binti. Asante sana. Sasa kaa unywe chai, uone bodi inavyofanya kazi." Akafungua jalada. "Ajenda ya tatu, kiwanja cha ghala jipya. Muuzaji ni rafiki yangu wa tangu shule, mtu mwaminifu. Kuna swali? Hakuna. Imepita kwa kauli..."

"Hapana," Shemeji akasema.

Katibu akainua kalamu. "Hapana, hakuna swali? Au hapana?"

"Hapana ya hapana. Kile kiwanja nilikipima mimi, enzi zangu kazini. Maji yanatuama pale miezi minne kila mwaka. Mkiweka magodoro, yatakunywa mpaka yashibe."

"Mbona kikao kilichopita hukusema?" mwenyekiti akauliza.

"Unauliza kama kuna swali, halafu unajijibu mwenyewe. Ningepenyea wapi?"

"Shemeji, haya tutayazungumza nyumbani."

"Nyumbani nasema hapana kutwa, muulize dada yako. Hapa ndipo nilikuwa napumzikia."

Mama mmoja, aliyewahi kuwa meneja wa benki, akanyoosha mkono taratibu. "Mimi pia hapana," akasema, kwa sauti ya mtu anayevua kiatu kilichombana tangu asubuhi. Wa tatu akafuata. Mmoja wa waliosinzia akaamka, akauliza kulikoni, akaambiwa, akasema basi naye hapana. Wanne kwa watatu. Hoja ikaanguka, na mtafiti akagundua chai yake imepoa bila kuonjwa.

Mwenyekiti alimnunia Shemeji wiki tatu, salamu zikipitia kwa dada yake. Mvua ilipoanza, akaenda kukitazama kiwanja mwenyewe, kimyakimya. Alirudi ofisini na kiatu kimoja. Hakuna aliyethubutu kumuuliza cha pili kiko wapi, ila tangu siku hiyo, baada ya kusema "kuna swali?", alikuwa akinyamaza kidogo. Vikao vilivyokuwa vikiisha kwa dakika arobaini vikaanza kula nusu siku, na mama wa chai akaomba nyongeza ya mshahara.

Aliyeumia ni mtafiti. Profesa alisoma taarifa yake, akaiweka chini.

"Umewaonyesha mchoro, wamebadilika. Umewaharibu. Hawafai tena kwenye sampuli."

"Lakini ndio mfano wangu bora."

"Ulikuwa bora. Watoe."

Akawatoa. Ilimuuma kama kung'oa jino zima, na matokeo ya kampuni ishirini na tano zilizobaki yalikuwa yamepooza kiasi kwamba hata yeye alipiga miayo akiyaandika. Alifaulu, lakini kwa kuponea chupuchupu.

Jumamosi moja Shemeji akampigia simu. Alikuwa amekaa na taarifa ya mwaka ya kampuni, kurasa mia moja na ishirini, na alikuwa amekwama ukurasa wa nne.

"Binti, hii 'miamala na wahusika wenye uhusiano' maana yake nini?"

"Maana yake ni kampuni kufanya biashara na watu kama wewe, mzee."

Shemeji akatafuta kalamu. "Basi niambie taratibu," akasema, "nina karatasi hapa, naandika."

Mtafiti akavuta kiti, akamweleza kwa karibu saa nzima.