Taa za Ngeleka

Kinyaa kilimpanda Ngeleka tangu wazungu wawili wa komisyo ya serikali walipoingia nyumbani kwake mtaa wa Manika bila kupangusa viatu. Walikuja kupima kama anastahili karte ya ba-evolue, Waafrika waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Wakafunua nyungu za mke wake Mbelu, wakanusa mashuka, wakahesabu uma. Mmoja alikwenda mpaka chooni, akachungulia, akarudi ameridhika. Mamu wanyi, mama yangu! Mtu mzima anachungulia choo cha mtu mzima mwenziwe, halafu yeye ndiye mstaarabu?

Ngeleka akavumilia. Bila karte ile asingeingia ofisi ya michoro ya kampuni iliyomwajiri, na ofisi ile aliililia miaka sita. Kwenye karatasi alikuwa fundi umeme tu, lakini kazi aliyoipenda ni kupanga mwanga ndani ya majengo. Walipojenga sale mpya ya wazungu, ukumbi wa sinema na dansi, alimkalisha Mbelu kwenye kiti kati ya kuta tupu, akafunga balbu kwenye tete refu, akawa anaipandisha na kuishusha mpaka kivuli chini ya macho ya mkewe kikatoweka. Hapo ndipo alipopiga alama ya chaki ukutani. Siku kumi na moja! Mbelu shingo ikamuuma, akasema, "Tata, ulioa mi ao ulioa taa?"

Sale ilipofunguliwa, watu walisimama mlangoni midomo wazi. Na mchoro wa taa? Ulikuwa na saini ya Bwana Lenaerts, injinia aliyemsimamia Ngeleka, mtu asiye na haya hata chembe. Asante ya punda ni mateke, wanasema. Ngeleka alipewa sigara moja.

Sasa, baada ya ule ukaguzi wa nyumba, yule mzungu mnene wa komisyo alijitupa kitini, akaanza kujigamba. "Umeona taa za sale yetu? Lenaerts iko na kichwa! Ninyi mutangoja miaka mia."

Karani waliyekuja naye, Tharcisse, Mkasai kama Ngeleka, aliyeziona zile alama za chaki kwa macho yake, aliinamisha uso. Akasoma swali la mwisho: je, mwombaji anajua kutumia umeme?

Mnene akaonyesha swichi ukutani. "Washa, tuone. Polepole, usiogope."

Ngeleka akanyoosha mkono. Kubonyeza mara moja tu, na ofisi ya michoro ni yake.  Akaurudisha mkono, akautia mfukoni.

"Mi sijue, bwana."

"Haujue?"

"Sijue kuwasha taa. Tharcisse, andika vile."

"Tata Ngeleka, nakuomba..."

"Andika!"

Tharcisse akaandika, na wazungu wakatoka wakicheka.

Jumatatu Bwana Lenaerts alituma gari limchukue, maana kanisa jipya lilikuwa linangoja kupangiwa taa. Ngeleka alimpokea dereva vizuri, akampa kiti na maji ya kunywa.

"Umwambie bwana," akasema, "Ngeleka hajue kuwasha taa. Komisyo imeandika."