Kiti cha Ghorofa ya Pili

Kama kuna kitu Mama Upawa alikichukia duniani, ni kiti kimoja cha plastiki, cha kijani, chenye ufa mguuni. Hakikuwa chake. Kilikuwa cha mkwe wake, na siku aliyokikalia ndiyo siku aliyokata shauri kwamba liwalo na liwe, lazima akonde.

Ilikuwa hivi. Binti yake wa pekee aliolewa mji mwingine, na mumewe akapata nyumba ghorofa ya nne, kwenye jengo lisilo na lifti. Mama alipokwenda kuwatembelea mara ya kwanza, alizianza ngazi kwa mbwembwe zote, kapu la ndizi kichwani, anaongea peke yake. Ghorofa ya kwanza alifika anacheka. Ghorofa ya pili magoti yakagoma, pumzi ikamkatika, akauegemea ukuta kwa mikono miwili. Mkwe, kijana mwenye adabu zake, akaruka ngazi mbilimbili kwenda juu na kurudi na kile kiti. "Kaa kidogo, mama," akasema, akaangalia pembeni.

Akakaa. Jasho likamtiririka mbele ya mkwe, na majirani wakawa wanapita mmoja mmoja, kila mmoja na pole yake. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

Sasa binti alikuwa na mimba kubwa, na kila akipiga simu aliuliza lile lile. "Mama, utakuja kunilea nikijifungua?"

"Nisipokuja mimi aje nani?" Mama Upawa alijibu kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Moyoni alikiona kiti. Alijiona amekikalia tena pale katikati ya jengo, na mjukuu wake akiteremshwa na kuletwa kwake kama kifurushi. Hilo hapana. Mjukuu atampokea juu, mlangoni, akiwa amefika kwa miguu yake mwenyewe.

Jina la Mama Upawa alipewa kazini. Alikuwa mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha viatu, na upawa haukumtoka mkononi. Aliugawia mchuzi, aliuelekezea njia, na mtu akichelewesha kuosha vitunguu aliugonga mezani mara moja tu. Chumvi hakuipima kwa kijiko. Aliitupia kwa kiganja, akakoroga, akadondosha tone la mchuzi kiganjani, akalamba, akafumba macho. Macho yale yakifumbwa, jiko zima lilikuwa kimya. Na sheria yake ilikuwa moja: hakuna sufuria inayotoka jikoni kabla haijaonjwa.

Daktari aliyempa vidonge vya presha alikuwa amemwambia zamani apunguze uzito polepole. Yeye alisikia "punguza", ile "polepole" ikatokea sikio la pili. Akamtafuta kwenye simu dada mmoja mwembamba mwenye sauti tamu, aliyeapa kwamba maji ya ndimu asubuhi, yai la kuchemsha mchana na tango jioni vinayeyusha mwili. Mama Upawa alipenda ukali wake. Hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu nusu.

Hapo ndipo akaingiza hesabu ya kipishi, ambayo mtu mwingine yeyote asingeifikiria. Alijiambia kwamba anaonja sufuria kutwa nzima, na matone yale yakikusanywa ni sahani nzima ya chakula. Basi na kuonja nako akakuacha. Hakumwambia mtu. Alidondosha mchuzi kiganjani kama kawaida, akainua mkono, akageuka kidogo, akapangusa kwenye aproni. Hata macho alifumba.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Sketi ililegea, ikabidi aibane kwa pini. Akampigia binti yake simu kujitapa. "Mwanangu, maji ya ndimu tu na yai. Mwili unayeyuka wenyewe."

"Kweli, mama?"

"Kweli tupu. Wala njaa siisikii."

Uongo huo. Njaa aliisikia mpaka akawa anaota viazi. Halafu akaanza kuwa mkali bila sababu, baridi ikawa inampata mbele ya jiko linalowaka, na kila akichana nywele, kitana kilibaki na nyingi kuliko alivyozoea. Akiinama akiinuka, aliona vinyota. Alijipa moyo kwamba hayo ni mafuta yanayotoka.

Chumvi nayo ikaanza kumsaliti. Mtu mwenye njaa husahau, na mtu aliyesahau kama ametia chumvi, kama haonji, anatia tena. Siku moja maharage yalitoka jikoni hayaliki. Wafanyakazi wakayala. Walimpenda Mama Upawa, na zaidi ya kumpenda walimwogopa, kwa hiyo hakuna aliyefungua mdomo ila kwa kunywa maji. Tangi la maji ya kunywa likakauka kabla ya saa ya kurudi kazini. Msimamizi wa ghala la ngozi, mzee aliyekula jikoni kwake miaka na miaka, alisikika akisema, "Leo jua ni kali." Nje mvua ilikuwa inanyesha.

Aliyejua yote ni wifi yake. Huyu alikuwa dada wa mumewe na msaidizi wake jikoni, mwanamke mwembamba mwenye ulimi usio na breki. Kwa mara ya kwanza maishani, aliuzuia. Alikuwa amemwona akipangusa kiganja. Kwa hiyo kila Mama Upawa alipogeuka, wifi alitumbukiza viazi kwenye sufuria vinyonye chumvi, au akaongeza maji ya moto, akaendelea kumenya karoti kama hakuna lililotokea. Ila hakuweza kuziwahi sufuria zote.

Ikafika siku wanabeba sufuria ya maharage, wawili, huku na huku, kutoka jikoni kwenda kwenye meza ya kugawia. Wifi akamtazama usoni na kuona umekuwa wa kijivu.

"Tua!" akasema. "Tua chini, wifi, tua!"

Sufuria iligusa sakafu. Mama Upawa akaachia mpini, akapiga hatua moja kurudi nyuma, akaanguka chali juu ya magunia ya mchele. Alipofumbua macho alikuwa amefunguliwa vifungo vya shingoni na wifi anampepea kwa sinia.

"Ungeanguka hatua tatu kabla ya kutua, ungetuunguza sote wawili," wifi alisema. Akalitupa sinia kando, na kwa hasira akamwaga yote. "Huonji, wifi. Siku hizi unapangusa. Mimi nimegeuka mtu wa kutupia viazi kwa kuibia ndani ya sufuria zako, kama mwizi."

Mama Upawa akajiinua kwa kiwiko. Halafu akauliza, si habari za kuanguka, bali, "Yale maharage ya juzi yalikuwaje?"

"Chumvi tupu."

"Na walikula?"

"Walikula wote. Tangi la maji likakauka."

Hapo ndipo alipolia. Mwili kuanguka aliweza kuuvumilia. Kulisha watu chakula kibaya, na watu hao wakakimeza kwa heshima, kulimchoma. Alilia kwa kwikwi palepale juu ya magunia. Kisha akamkumbuka msimamizi wa ngozi na jua lake kali, kicheko kikamponyoka katikati ya machozi, na wifi naye akashindwa kujizuia.

Zahanati walikwenda pamoja. Baada ya daktari kumpima na kumpunguzia vidonge, wakapelekwa kwa mtaalamu wa lishe, mama mmoja mwenye miwani iliyoteleza puani, aliyewasikiliza huku anatafuna karanga. Hakumgombeza. Alimwuliza anataka uzito upungue ili iweje, na Mama Upawa, kwa aibu, akamsimulia kiti.

"Ghorofa ya nne," mtaalamu akarudia. "Kinachokupandisha huko ni nini, mama?"

"Miguu."

"Misuli ya miguu. Sasa ukijinyima hivi, kinachotoka kwanza ni maji, na mwili ukikosa chakula unaanza kula misuli. Unataka kupanda ngazi, na huku unaila miguu yako mwenyewe. Tena unameza vidonge vya presha tumbo likiwa tupu, mbele ya moto. Presha imeshuka, ndiyo maana ukaanguka."

Wifi akamtazama Mama Upawa kwa jicho la umesikia. Mama Upawa akajifanya hakuliona.

Aliyoambiwa hayakuwa na ukali hata kidogo, na hilo lilimvunja moyo. Ale mara tatu. Sahani aigawe: nusu mboga, robo maharage au samaki au mayai, robo iliyobaki wali au viazi. Mafuta ayapunguze, na sukari kwenye chai vilevile, kidogo kidogo mpaka isiwepo. Atembee kila siku, na ngazi azipande chache leo, nyingine kesho. Nusu kilo kwa wiki inatosha sana, na wiki nyingine isipopungua asimwendee mbio dada wa kwenye simu.

"Lakini mtoto anazaliwa karibuni," Mama Upawa alisema. "Nitakuwa bado mnene."

"Utakuwa mnene kiasi. Lakini utapanda."

"Na kuonja je?"

Mtaalamu akacheka mpaka miwani ikaanguka. "Onja, mama. Naomba uonje."

Kuanzia hapo jikoni kukawa na amani. Kiwandani palikuwa na ngazi za kwenda ghala la ngozi, na kila baada ya kugawa chakula Mama Upawa alizipanda, wifi nyuma yake akilalamika kwamba yeye mwembamba anaadhibiwa kwa kosa gani. Watu wa ghala wakazoea kuwasikia wakija kabla ya kuwaona. Kulikuwa na wiki mizani haikusogea hata kidogo, akanuna, akala maandazi mawili nyuma ya stoo. Siku iliyofuata akarudi kwenye ngazi. Sketi haikuhitaji pini tena kwa sababu aliishona upya kidogo, si sana. Mafuta ya kantini nayo yakapungua, mboga zikaongezeka, na hakuna aliyelalamika, maana sasa mpishi alikuwa anaonja.

Simu ikaja asubuhi moja: mtoto wa kike, mzima. Mama Upawa akapanda basi na kapu lake.

Mkwe alimpokea kituoni, akambebea kapu, na walipofika kwenye jengo akabaki hatua moja nyuma kwa heshima. Ghorofa ya kwanza Mama Upawa hakucheka wala hakuongea. Pumzi alikuwa anaitunza. Alipofika ya pili, akakikuta. Kijani, na ufa wake mguuni, kimewekwa tayari, kimefutwa vumbi.

Mkwe akaangalia pembeni. "Nilidhani, mama, pengine..."

"Umefanya vizuri, baba," Mama Upawa akasema, akihema. Akashika chuma cha ngazi, akasimama mpaka moyo ukatulia. "Kibebe ukirudishe juu. Huko ndiko kuna watu wa kukaa."

Ghorofa ya tatu alipumzika tena, kwa kusimama, na jirani aliyepita hakumpa pole; alimsalimia tu, kama anavyosalimiwa mtu yeyote aliyesimama kwenye ngazi. Ghorofa ya nne mlango ulikuwa wazi. Akavuka kizingiti, na binti yake akamwekea mjukuu mikononi. Mama Upawa alifurahi mpaka akakosa la kusema, jambo ambalo jikoni kwake hakuna ambaye angeliamini.

Ila mtoto alikuwa analia, kilio cha kutaka maziwa zaidi. Akamtazama binti. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, macho yamechoka kupita uchovu wa uzazi. Akaangalia jikoni kupitia mlango uliokuwa wazi. Sufuria zilikuwa safi, zimefunikwa kifudifudi. Mezani, ndimu zimepangwa mstari.

"Umekula nini leo, mwanangu?"

"Maji ya ndimu," binti alijibu, kwa fahari kidogo. "Na yai. Nataka mwili wangu urudi upesi. Si wewe uliyeniambia, mama?"

Mkwe alikuwa ndiyo kwanza ametua kile kiti, na Mama Upawa akakikalia bila kufikiri, mjukuu kifuani. Alikuwa amempigia binti simu kujitapa. Kumpigia kumweleza mwisho wake, aliona haya.

Basi akamweleza sasa, na mkwe akisikia. Hakuacha kitu: pini ya sketi, kitana, sufuria ya moto, magunia ya mchele, na jinsi mtu mzima alivyopangusa mchuzi kwenye aproni na kufumba macho. Alipofika kwenye tangi la maji na jua kali la siku ya mvua, binti alicheka akalia, akacheka tena, akajishika tumbo lililokuwa bado linauma.

"Kesho tunakwenda zahanati, wakuone na wewe na mtoto," mama akasema. "Mtu anayenyonyesha hajinyimi. Mwili utarudi, taratibu, ukiwa umekula. Mimi ngazi nimezipanda chache chache mpaka nikafika, wewe una haraka ya nini?"

Akamrudishia mtoto, akanawa mikono, akaingia jikoni. Akazitia ndimu zote kwenye mfuko na kumpa mkwe awagawie majirani. Akafungua kapu: maharage aliyoyachemsha nyumbani, mboga za majani, karoti, nyanya. Haukupita muda nyumba nzima ikanukia kitunguu.

Binti akaja akasimama mlangoni, mtoto begani. Mama Upawa alichota mchuzi, akaupuliza, akaanza kudondosha kiganjani mwake mwenyewe. Akasita. Akamshika binti mkono, akaufungua, akadondosha hapo.

Binti akalamba, akafumba macho. Mama akasubiri, upawa juu ya sufuria.

"Chumvi imepungua kidogo, mama."

"Haya," Mama Upawa akasema, akanyoosha mkono kuichukua chumvi.