Aliyeachiwa Funguo

Mwandishi hakuwa na shaka kwamba riwaya yake ingepita. Hakuwa na shaka na jambo lolote, ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Mvua ikimnyeshea nguo alizoanika, yeye husema zimesuuzwa bure.

Mhariri akamrudishia mswada.

"Dada mtu yuko sawa, mchangamfu, anapendeza. Lakini huyu kaka umemwonea. Kila ukurasa ni hofu tu. Kwa nini yuko hivi?"

"Alizaliwa hivyo."

"Wee! Nani alizaliwa ameshika mwavuli? Mama mmoja, nyumba moja. Huyu anaona heri, yule anaona balaa. Nipe sababu, la sivyo kitabu hakichapwi."

Mwandishi alitoka amenuna, ila hakununa sana. Huyo kaka wa kitabuni alikuwa amemchota kwa kaka yake mwenyewe, mkaguzi wa lifti, ambaye nyumbani walimbandika jina la Itakuwaje. Mtu yule alilipwa mshahara kwa kutarajia mabaya, na hata siku za mapumziko hakuacha kazi.

Alimkuta kwake alasiri hiyo akitikisa kitasa cha mlango.

"Karibu. Breki za gari uliziangalia?"

"Kaka, salamu kwanza jamani!"

Akaketi, akamweleza yote, hata kwamba yule mwoga wa kitabuni ni yeye. Kaka hakukasirika.

"Unakumbuka mama akienda zamu ya usiku?"

"Nitasahauje? Anainama pale mlangoni, ananiambia, 'Lala, mwanangu. Hakuna litakalotokea.'" Mwandishi alitabasamu. Maneno hayo ndiyo aliyotembea nayo maisha yake yote.

"Ukishaambiwa hivyo, unakwenda kulala. Mimi nabaki palepale. Ananikabidhi funguo, ananiambia, 'Lolote likitokea, ni wewe.'"

"Mbona sijawahi kusikia hilo?"

"Ungesikiaje, na ulikuwa umeshalala? Komeo la juu nilikuwa silifikii, napanda kigoda. Nafunga, nakagua jiko, narudi nakagua tena. Halafu nakuja kukusikiliza kama unapumua. Na ulikuwa unakoroma, wewe!"

Mwandishi alianza kucheka, akaacha. Mama hakuwa na la kufanya, alikuwa peke yake na kazi ilimngoja. Lakini ule moyo mkunjufu aliojivunia miaka yote, akiudhani ni wake wa kuzaliwa, kumbe kuna mtoto alisimama juu ya kigoda ili yeye aupate. Na mtoto huyo ndiye aliyemfanya kichekesho cha kitabu. Aliona haya, na uchungu ukamwingia hasa.

Aliliandika tukio hilo papo hapo, kwenye meza ya chakula. Kaka alilisoma, akatikisa kichwa.

"Kigoda kilikuwa na mguu mbovu. Usisahau."

Akauandika na mguu. Kitabu sasa kitapita, alijua.

Kaka aliinuka, akashika funguo aende kuangalia mlango wa nyuma. Mwandishi akampokonya.

"Kalale, kaka. Hakuna litakalotokea. Na likitokea, leo ni mimi."

"Mchana huu?"

"Mchana huuhuu."

Alifunga mlango, akakagua jiko, akarudi akakagua tena. Kisha akanyata hadi chumbani kwa kaka yake kusikiliza. Itakuwaje alikuwa anakoroma.