Umri wa Bibi Kemilembe

Mutalemwa, mume wa mdogo wangu Edith, ni mtu mwema, lakini asubuhi ile nilitamani kumpiga mwiko. Edith alikuwa amelazwa na uvimbe kwenye kizazi, akivuja damu. Daktari alisema atampasua siku hiyo mchana, ila akiba ya damu hospitalini imepungua mno, kwa hiyo familia ilete watu wawili wa kuchangia. Mutalemwa akawaita wanaume wa ukoo pale kijijini Nyakatuntu. Na kwa kuwa kwetu huwezi kuita watu wakusaidie halafu ukawakalisha midomo mikavu, akawatolea rubisi, pombe ya ndizi, iliyoiva sawasawa. Wakanywa, eti damu iongezeke.

Sisi wanawake tulikuwa jikoni tunamenya ndizi. Niliposema na mimi nitachangia, Ambrose, kaka yake Mutalemwa, alinijibu kwamba wanawake tunapoteza damu kila mwezi, tupumzike. Sikubishana naye. Nilinawa mikono nikapanda gari pamoja nao. Nina kilo sabini na tano, na sijawahi kuona sababu ya kuzificha.

Hospitalini nesi aliwanusa kabla hajawauliza. Akasema aliyekunywa pombe hachangii leo. Ambrose akamweleza kwa upole kwamba rubisi ni chakula, hata wazee walikuzwa nayo. Nesi akamwonyesha benchi la nje, na ukoo mzima ukaenda kukaa juani.

Basi tukabaki wanawake watatu tuliokuja nao. Jirani yetu Speciose alijitokeza kwanza, lakini mtoto alikuwa mgongoni, na mama anayenyonyesha haruhusiwi. Zamu yangu ikafika. Nikapimwa uzito, nikapimwa presha, nikatobolewa kidole, na tone langu la damu likazama kwenye kichupa cha maji ya buluu bila kusitasita. Nesi akasema damu ninayo ya kutosha. Nilikuwa najua.

Lakini mimi ni mtu mmoja, na walitakiwa wawili. Nilipotoka na pamba mkononi nilimkuta Mutalemwa amechuchumaa nyuma ya jengo, anajifuta macho na shati. Hapo nami nikaogopa. Edith ndiye mdogo wangu pekee.

Kwenye kona ya chumba cha kutolea damu alikuwa amekaa mama mkwe wake, Bibi Kemilembe, ambaye hakuna aliyemhesabu. Kwanza, hakuutaka upasuaji. Alikuwa amesema mbele yetu sote kwamba Edith hajazaa, na kizazi kikitolewa mwanawe atabaki na nini. Pili, alikuwa mzee. Tangu nimjue alikuwa amevuka sabini. Kwa ajili ya hiyo sabini hakushika jembe, alipakuliwa wa kwanza, na kanisani alikaa mbele bila kuwahi.

Akasimama, akavuta kanga yake, akaenda mezani kwa nesi. Nesi akamwamkia shikamoo, kisha akamweleza taratibu kwamba wanapokea watu wa miaka kumi na minane mpaka sitini na mitano, bibi yetu amewapita.

"Sijawapita," akasema Bibi Kemilembe. "Mutalemwa nilimzaa nikiwa na miaka kumi na tisa. Yeye ana arobaini na mitatu. Jumlisha mwenyewe."

Nilijumlisha mara mbili. Dirishani kikachomoza kichwa cha Ambrose, ambaye kwa miaka yote hiyo amempalilia mama yake maharage.

Nesi alimpima kila kitu, na kila kitu kilikuwa sawa, presha yake ikiwa nzuri kuliko yangu. Sindano ilipoingia, Bibi akauliza kama damu hiyo itakwenda kwa Edith. Nesi hakumdanganya. Itapimwa kwanza, akasema, halafu itampata yeyote wa kundi lake. Edith atapewa inayomfaa. Bibi akafikiri kidogo, kisha akasema huyo mwingine naye ni mtoto wa mtu, wachukue.

Edith alipasuliwa jioni hiyo. Kizazi kilitolewa, yeye akapona. Tulipoingia wodini kesho yake alimwona mama mkwe akageuzia uso ukutani, na mimi nikajiandaa, maana Bibi angesema neno baya siku hiyo asingenusurika na mdomo wangu.

Bibi Kemilembe akakaa kitandani, akamshika mguu juu ya shuka.

"Nilikuja kwenu kuposa mtu," akasema. "Sikuja kuposa kizazi. Nilisahau, unisamehe."

Edith alilia, na mimi nililia pia, sioni aibu kusema. Baadaye akajifuta, akamgeukia mama mkwe wake; habari ya umri ilikuwa imeshamfikia.

"Mama," akasema, "kwa hiyo msimu huu tunalima wote?"

"Usicheke," akasema Bibi Kemilembe, "utafumua nyuzi."