Kosa la Chungu

Nyakerario alipatikana na ugonjwa wa sukari akiwa darasa la sita, na tangu hapo hakuna mlo aliokula bila mtu kumtazama mdomoni. Mama yake, Orpah, alijifunza kila kitu: kupima damu kwa tone la kidole, kuvuta insulini kwenye sindano, kujua mtoto anatetemeka kwa baridi au kwa sukari kushuka. Nyumba yao kule Nyacheki haikuwa na friji. Orpah aliiweka dawa ndani ya chungu kidogo kilichozungukwa na mchanga, akawa anaunyunyizia mchanga huo maji kila asubuhi kabla ya kwenda kuchuma majani chai.

Nyakerario alipojiunga na shule ya bweni karibu na Sironga, dawa iliwekwa kwenye friji ya matroni. Wasichana walimwona akienda huko kabla ya chakula. Wengine walisema ana virusi vya UKIMWI, wengine wakasema anajidunga dawa za kulevya. Aliyeambiwa ukweli ni Valentine peke yake, aliyelala kitanda cha juu yake, na Valentine aliificha siri hiyo vizuri.

Wakiwa kidato cha pili, sukari ya Nyakerario ilishuka ghafla asubuhi moja, shule nzima ikiwa kwenye gwaride. Alianza kusema maneno yasiyoeleweka. Valentine alimkimbilia na glukosi, naye Nyakerario akampiga kofi, kisha yeye akaanguka, akajikojolea mbele ya watu wote. Mwenyewe hakukumbuka lolote. Alisimuliwa alipozinduka kwenye chumba cha wagonjwa.

Mchana aliporudi bwenini, kitanda cha juu kilikuwa kitupu. Valentine alikuwa upande wa pili, karibu na mlango, akitandika.

"Val, umehama?"

"Nimeongea na mathe kwa simu ya matroni. Amesema nihame. Anasema pengine hiyo kitu yako si sukari."

"Mama yako hajui, lakini wewe unajua ni sukari."

"Najua," Valentine alisema, akaendelea kutandika.

Kesho yake naibu wa mwalimu mkuu alimpigia simu baba yake Nyakerario, Ongeri, akamwomba aje amchukue binti yake mpaka hali yake itulie. Hakusema itatulia vipi wala nani atakayeamua kwamba imetulia.

Nyumbani, Nyakerario alisubiri mtu wa shule amtafute. Hakuna aliyemtafuta. Alimtumia Valentine ujumbe kwa simu ya mama yake wakati wa likizo fupi, ukasomwa, haukujibiwa. Nyanya yake alikuja kumwona, akaketi jikoni, akamuuliza Orpah kwa sauti ambayo hakujali kuishusha, "Sasa huyu ataolewa na nani?"

Ndipo Nyakerario alipoacha dawa.

Alimwambia mama yake kwamba sasa ni mkubwa, anataka kujidunga mwenyewe faraghani. Orpah alifurahi kusikia hivyo. Nyakerario alikuwa akivuta dawa kama alivyofundishwa, anakwenda nyuma ya jikoni, anaimwaga kwenye udongo wa migomba. Hakuwa amepanga kufa. Alitaka tu siku moja ipite bila sindano, aone mtu asiye mgonjwa anajisikiaje. Siku hiyo ikapita. Kiu ya sukari kupanda ilipomrudia alielewa ni nini, maana hakuna mtu pale nyumbani aliyeujua ugonjwa huo kumliko yeye. Kila asubuhi alijiambia kesho ataanza tena. Kesho ikifika alikumbuka lile "Najua" la Valentine, na mkono wake ukaimwaga.

Orpah alimwona anakonda. Alidhani joto limeiharibu dawa. Alibadilisha mchanga. Alianza kuteka maji mtoni asubuhi na jioni ili chungu kisikauke, akakihamisha kutoka jikoni hadi chini ya kitanda chake, akalala na dirisha wazi. Nyakerario alimtazama akifanya yote hayo, akaendelea kuimwaga dawa.

Jumamosi, siku ya Sabato, wakati wengine wakivaa kwenda kanisani, alianza kutapika. Alipumua kwa kasi kama mtu aliyekimbizwa, na pumzi yake ilinuka kama ndizi zilizoiva mno. Ongeri alimbeba mgongoni hadi barabarani, wakapata gari la kuwafikisha hospitalini mjini Kisii.

Alipofumbua macho, maji ya dripu yalikuwa yakiingia mkononi na mama yake alikuwa anaongea na daktari kando ya kitanda.

"Ni mimi, daktari. Ni kile chungu changu. Kuna siku nilichelewa kuweka maji. Nimeua mtoto wangu."

"Mama, hajafa," daktari alisema.

"Ni mimi," Orpah alirudia, akilia bila kujifuta.

Nyakerario angeweza kufumba macho tena. Alifikiri kufanya hivyo.

"Mama, dawa haikuharibika," alisema. "Nilikuwa naimwaga."

Orpah aligeuka polepole. "Unasema nini?"

"Sikuwa najidunga. Nilikuwa naimwaga kwa migomba."

Orpah alimkaribia.

"Kwa hivyo ulikuwa unaniangalia tu nikiteka maji?"

"Ndiyo, mama."

Orpah alitoka wodini. Jua lilikuwa limepungua dirishani aliporudi, kitambaa chake cha kichwa kikiwa kimelowa machozi. Hakumgombeza. Alikaa, akauliza, "Ulikuwa umechoka namna gani?"

Nyakerario alivuta shuka hadi kidevuni.

Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi Margret aliwaambia kuhusu kikundi cha vijana wenye ugonjwa wa sukari, kinachokutana kliniki kila Jumamosi. Orpah hakuwahi kukosa ibada ya Sabato maishani mwake. Alisema watakuja, na wakaja. Nyakerario aliketi kwenye duara la viti, akawasikiliza wenzake mpaka mwisho. Alirudi nyumbani vile vile alivyokwenda.

Kuhusu kurudi masomoni, shule ilisema wasubiri. Sasa Orpah ndiye aliyemdunga, kila mara, na sindano haikuachwa tena mahali Nyakerario alipoweza kuifikia peke yake.

Asubuhi moja Nyakerario aliuvuta mkono wake nyuma. "Mama, leo sitaki. Hata kuishi sitaki."

Huko nje majirani walikuwa wakipita na vikapu kuelekea kwenye mashamba ya chai. Mmoja alimwita Orpah, naye hakuitika. Aliiweka sindano mapajani.

"Basi nitakaa hapa," alisema. "Siendi popote."

Majirani walipita wote, njia ikawa kimya. Orpah hakusali, hakubembeleza. Jua lilipoanza kuingia mlangoni, Nyakerario aligeuza uso ukutani akilia, akanyoosha mkono.